Kigoda cha Kuwekea Ua

Ua lilikuwa sakafuni tena.

Placidia alisimama kwenye mlango wa sebule, mswaki mdomoni, akalitazama kwa hasira. Chungu hakikuvunjika. Udongo haukumwagika hata punje. Ua lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kigoda na kuwekwa pembeni, taratibu, kama mtu anavyomsogeza paka aliyelala kwenye kiti anachotaka kukikalia. Hiyo ilikuwa asubuhi ya nne mfululizo, na Placidia alikuwa amechoka kuinama.

"Mwesiga! Wewe na ua langu mna ugomvi gani?"

Mumewe alikuwa chumbani akipiga pasi shati. Akajibu kwamba hana ugomvi na ua la mtu, kwamba kigoda kile hajakigusa wala hatakigusa, na kwamba hilo alilisema tangu siku kilipoingia ndani.

"Basi ni Evelyn."

"Evelyn ana miaka saba. Chungu hicho mimi mwenyewe nakibeba kwa mikono miwili."

Placidia alitoka nje akatema povu, akarudi, akalipandisha ua lake kigodani na kuligeuza ili majani yenye madoa meupe yaangalie kochi. Hakuogopa. Alikasirika tu, na kukasirika kulikuwa hali yake ya kawaida tangu aanze kupamba nyumba.

Maana kupamba nyumba katika mji mdogo wa Kayanga kwa mshahara wa katibu muhtasi ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Simu inakuonyesha sebule za watu, makochi meupe, meza zenye miguu myembamba. Unampelekea seremala picha, anaitazama, anatikisa kichwa kwa kuelewa, na baada ya wiki tatu anakuletea meza yenye miguu ya kitanda. Ukilalamika anakuambia hii yake ni imara zaidi. Unaagiza pazia la rangi ya maziwa, linakuja la waridi. Mwesiga, bwana mifugo wa kata, alikuwa ameijenga nyumba hiyo kwa miaka sita, tofali kwa tofali, na baada ya bati la mwisho alitangaza kwamba hela imekwisha na kuta zenyewe zinatosha kuwa pambo. Wote wawili walikuwa watu wa Muleba waliohamia huku Karagwe kwa ajili ya kazi, na Placidia hakutaka ndugu zake waje siku moja wakute kuta tupu.

Kwa hiyo alijifunza kupata vitu vizuri kwa bei chee. Mashuka ya mitumba aliyageuza mapazia. Mbao za makasha alizipiga msasa zikawa rafu. Kibuyu kilichotoboka alikitoboa zaidi, akatia balbu ndani, na kila jioni kilitawanya vidoa vya mwanga ukutani hadi majirani wakaja kupiga picha. Watu waliangalia status yake ya WhatsApp na kuuliza, "Dada, hii umeitoa wapi?" Swali hilo lilimpa raha kuliko mshahara.

Kigoda alikitoa kijijini Nyakakika. Alikwenda kwa bodaboda kutafuta vikapu vya zamani, akapita kwenye mji mmoja, boma la ukoo katikati ya migomba, ambako mwanamume aitwaye Gaudiosus alikuwa akibomoa nyumba kuukuu ya marehemu baba yake. Kigoda kilikuwa kimetupwa chini ya mbuni wa kahawa, kimelowa. Kilichongwa kutoka gogo moja, chenye miguu mitatu, cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na katikati kimelika na kuwa laini kwa kukaliwa. Vya kuiga vya namna hiyo vinauzwa mjini kwa bei ya mbuzi.

"Elfu saba," alisema, akijiandaa kupandishiwa.

"Chukua," alisema Gaudiosus.

Hakubishana. Hakukibeba, alikionyesha kwa kidevu tu. Placidia alipokwisha kukifunga nyuma ya pikipiki aligeuka kumuaga, akamkuta ananawa mikono kwenye pipa la maji ya mvua, ilhali hakuwa amekigusa. Alimwona mshamba asiyejua thamani ya kitu chake, akaondoka haraka kabla mtu yule hajabadili mawazo.

Mwesiga alikitambua hapohapo.

"Hiki ni kiti cha mwenye mji," alisema. "Mzee akifa, ukoo unakutana baada ya matanga, unamkalisha mrithi kwenye kiti cha baba yake. Anayekikalia ndiye anayeshika nafasi ya marehemu. Hili unalijua, Placidia. Kwenu wamefanya na kwetu wamefanya. Mimi sikalii kiti cha mtu nisiyemjua."

"Nani amekwambia ukalie? Ni cha kuwekea ua."

"Na wageni wakija?"

"Wanaume watakaa kwenye kochi. Kigoda ni cha ua na cha wanawake. Mwanamke hasimikwi urithi, au mila zimebadilika?"

Kwa mtu aliyezaliwa na kulelewa huku, hoja ilikuwa haina tundu. Placidia aliondoka na ushindi wake, na ushindi huo ndio uliomponza.

Wiki ya pili, si ua peke yake lililohama. Vikapu alivyovitundika ukutani vilikutwa vimepangwa chini, kimoja ndani ya kingine. Kibuyu chenye balbu kilikutwa kimesimama nyuma ya mlango, mahali ambapo nyumba za zamani ziliweka kibuyu cha pombe. Kochi lilikuwa limesukumwa hadi ukutani na katikati ya sebule pameachwa wazi, kana kwamba kuna mtu anataka kukoka moto hapo. Yeyote aliyekuwa akifanya mambo haya alikuwa na mapenzi yake ya mapambo, na mapenzi hayo hayakuwa ya Placidia. Alipanga, vikapanguliwa. Akapanga tena, vikapanguliwa tena. Alifikia hatua ya kuongea peke yake jikoni, akimtukana mtu asiyemwona.

Kisha ikaja harufu. Kila siku saa kumi jioni sebule ilinuka tumbaku ya kiko, na chini ya tumbaku harufu ya majani yaliyolowa. Wakiwa jikoni walisikia miguu mitatu ya mti ikikwaruza saruji, krrr, kisha kikohozi kimoja, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo. Hakusema. Mwesiga na mkewe walitazamana, na Placidia akaendelea kumenya ndizi.

Katekista alikuja Alhamisi. Alisali, akanyunyiza maji ya baraka kila pembe, akaacha chupa ndogo ya maji hayo juu ya rafu. Kesho yake chupa ilikuwa nje, kizingitini, kando ya viatu, kifuniko kimekazwa vizuri.

"Tukitupe," alinong'ona Mwesiga.

"Nitupe kitu nilichokitafuta mwaka mzima? Kwa sababu ya mzee asiyependa maua?"

"Placidia, punguza sauti."

"Sipunguzi!" Lakini aliipunguza. "Sikiliza. Anachotaka ni kiti chake kikaliwe. Basi kikaliwe, aone kimekaliwa, atuache. Evelyn akikalie. Ni mtoto wa kike, hakuna atakachorithi. Tutakuwa tumemdanganya."

Mwesiga alitafuta kosa katika hesabu ile, hakuliona, na hilo ndilo jambo ambalo hakujisamehe baadaye.

Jumamosi mchana, mwanga ulipokuwa mzuri dirishani, Placidia alimvalisha mtoto gauni la njano, akaliweka ua chini, akamkalisha kigodani. Na kwa kuwa alikuwa Placidia, alitoa simu. "Cheka, mwanangu." Picha ilitoka nzuri kupita zote alizowahi kupiga: ukuta mweupe, rafu, ua la kijani, gauni la njano juu ya mti mweusi. Ila Evelyn hakucheka. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, anatazama mlangoni.

Jumapili asubuhi ua, lililorudishwa kigodani baada ya picha, lilikuwa palepale. Jumatatu pia. Harufu ilikwisha, makwaruzo yakakoma. Placidia aliimba akifagia, akamwambia mumewe kwamba mambo mengine yanataka akili tu. Hakujua kwamba mwenye kiti alikuwa amepata pengine pa kukaa.

Evelyn aliacha kwanza kucheza. Kisha akakataa sahani, akataka ndizi zake ziwekwe kwenye jani la mgomba. Akaanza kukohoa kikohozi kimoja kimoja, na akikohoa aliinua kidevu. Mwalimu wake alipiga simu kulalamika kwamba mtoto amemwambia asimame anapoongea na wakubwa. Placidia alimgombeza, akampa dawa ya kifua, akamgombeza tena. Siku moja akimwogesha alishika vidole vya mwanawe na kuona ngozi ya viganja imekunjamana na kuwa ngumu, mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, na akaendelea kusugua kwa sabuni, akisugua kwa nguvu, kana kwamba ulikuwa uchafu.

Jumatano mvua ilinyesha tangu mchana. Placidia alirudi kutoka ofisini saa kumi, mwavuli umepinduliwa na upepo, viatu mkononi, na alipoingia uani kwake alisimama kwa sababu vitu vyake vyote vilikuwa nje, mito ya kochi, mapazia yaliyokunjwa, rafu, fremu za picha, vyote vimepangwa mstari mmoja kwenye tope vikinyeshewa, na mwisho wa mstari chungu cha ua, kile ambacho Mwesiga hukibeba kwa mikono miwili, na kutoka kwenye chungu hadi mlangoni alama za nyayo za mtoto mmoja, zimezama ndani sana ya tope, ndani kuliko nyayo za mtu mzima mwenye gunia begani. Msichana wa jirani aliyeachiwa mtoto alikuwa amekimbia. Mlango ulikuwa wazi nusu. Placidia aliusukuma na harufu ya tumbaku ikampiga usoni, nzito, ya moto, na miguu yake ikakanyaga kitu laini na baridi, na alipotazama chini aliona sakafu yake nyekundu aliyoipaka rangi mwenyewe haionekani tena, imetandikwa majani mabichi kutoka ukuta hadi ukuta, majani yaliyokatwa kwa mkono na kulazwa upande mmoja kama ilivyokuwa kwenye nyumba ya bibi yake, na katikati ya majani hayo kigoda, na juu ya kigoda Evelyn, viganja vinavuja damu kwa kukata majani, macho yameangalia mlangoni.

"Umeingia bila hodi," alisema Evelyn. Sauti ilitoka chini kabisa ya kifua.

"Evelyn. Mwanangu."

"Nyumba ya watu umeitia vitambaa. Umeweka jani juu ya kiti changu." Akakohoa. "Nani alikuruhusu?"

Placidia alimrukia, akamkumbatia, akamvuta. Mtoto hakuinuka. Alikuwa mzito kuliko uzito wowote mama huyo aliowahi kuubeba, na baridi, na kifuani mwake kulikuwa na mkoromo wa mzee. Kisha, karibu kabisa na sikio la Placidia, sauti nyingine ilipita, ndogo, ya mbali, ya mtoto wa miaka saba.

"Mama, mtoe huyu babu. Humu ndani pamejaa. Mimi nimebaki padogo sana."

Hapo Placidia alilia. Alilia kwa woga na kwa kujichukia, na hakuna kitu kimoja kati ya vile vilivyokuwa nje kwenye mvua alichokikumbuka.

Alfajiri walikodi gari dogo hadi Nyakakika, mtoto kwenye kiti cha nyuma katikati yao, kigoda kwenye buti. Gaudiosus aliwaona wanashuka, akaweka jembe chini. Hakuuliza wamefuata nini. Alikwenda kumwita shangazi yake, Bibi Mackrine, dada wa marehemu, ambaye watu wa kata nzima humfuata kwa mambo ya ukoo na ya majini.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwesiga.

Bibi Mackrine hakumwitikia kwanza. Alipiga magoti mbele ya mtoto mwenye gauni la shule.

"Habari za huko, kaka," alimwambia.

"Nyumba yangu iko wapi?" aliuliza Evelyn.

"Mwanao ameibomoa, waitu," alijibu bibi, kwa neno la heshima la huko.

Mtoto akageuza kichwa taratibu, akamtazama Gaudiosus, na mwanamume yule mwenye ndevu akajificha nyuma ya shangazi yake.

Kisha mambo yakasemwa kwa sauti za chini, chini ya paa la jikoni, mvua ikichuruzika. Marehemu aliitwa Ainebyona. Alikuwa mtu mgumu, mtu ambaye ukihamisha kibuyu chake hatua mbili hukuli siku hiyo. Alipokufa wanawe wawili walisukumiana kiti: Gaudiosus alisema akalie Yustus, Yustus akasema mkubwa ndiye anayekalia, kisha Yustus akahamia Kyerwa na hakurudi tena. Walijua kwamba atakayekalia atamchukua mzee mzima mzima, na hasira zake. Kiti kikakaa wazi miaka mitatu.

"Halafu akatokea huyu mama wa mjini," alisema Gaudiosus, macho chini. "Nikaona Mungu amenisikia."

"Ulijua!" Placidia alimrukia shingoni. "Ulijua ukaniachia nikipeleke kwa mtoto wangu!"

"Mimi sikukwambia umkalishe mtoto," alisema Gaudiosus, na Placidia akamwachia, kwa sababu hilo lilikuwa kweli.

"Lakini ni wa kike, bibi," alisema Mwesiga kwa sauti ya kubembeleza. "Mwanamke hasimikwi."

"Ukoo ndio usiomsimika mwanamke," alijibu Bibi Mackrine. "Ukoo haukuwepo. Alikuwepo yeye na kiti, na mtoto akakalishwa na mama yake mzazi, mchana, kwa hiari. Nyie mtamwita jini, padri atamwita pepo. Mimi namwita kaka yangu, na ninamjua. Hawezi kufukuzwa kutoka kitini. Anaweza kupishwa tu: mtu mwingine akikalia kwa hiari, atamhamia huyo."

Walijaribu kumketisha Gaudiosus kwanza, maana ndiye mwenye haki. Bibi alimshika mkono, akamtajia majina ya mababu, akamwinamisha juu ya kigoda. Makalio yake yalikuwa bado hayajagusa mti Evelyn alipocheka, kicheko kikavu cha mzee anayemfahamu mwanawe, na Gaudiosus akachomoka, akaukata uga mbio, akapotea kwenye mibuni. Walimwita hadi sauti zikakauka. Damu ilianza kumtoka mtoto puani, tone moja moja, juu ya kola ya shule.

"Muda hautoshi kumsubiri mwoga," alisema Bibi Mackrine.

"Nikikalia mimi?" aliuliza Mwesiga.

"Wewe hukukitaka. Aliingia nyumbani kwako bila wewe kumtaka, na hilo analijua." Akamgeukia Placidia. "Huyu ndiye aliyekitaka. Alikitoa hapa kwa mikono yake."

"Atanifanya nini?" Placidia alinong'ona.

"Hatakuua. Atakaa."

Placidia aliwaza kwamba kati ya vitu vyote alivyowahi kuvitamani, hiki ndicho pekee alichokipata bila kupandishiwa bei. Akafuta mikono kwenye sketi ya ofisini. Akaketi.

Mti ulikuwa wa moto. Aliona mji ule ulivyokuwa, nyumba ndefu ya nyasi, mwanga hafifu wa moto katikati, kila kitu mahali pake, kila kitu kimewekwa na mkono mmoja, na akasikia mtu mrefu akiinama kuingia ndani yake kama anavyoinama mtu kwenye mlango mfupi. Kisha akasikia kilio. Kilikuwa kilio cha Evelyn, cha sauti nyembamba, cha mtoto mwenye njaa na viganja vinavyouma, kikimwita mama, na Placidia akashukuru, akashukuru, akashukuru.

Kigoda kilirudi nao Kayanga. Bibi Mackrine alisema kinakwenda na mwenyewe.

Evelyn alikula sahani mbili jioni ile na kesho yake aligombana na watoto wa jirani hadi wakarushiana mawe, na Mwesiga akafurahi kama siku ya Krismasi. Mkewe alikuwa akilala sana. Alisema amechoka tu. Ili kumpa moyo, Mwesiga aliondoa majani yote, akaosha mito, akarudisha mapazia na rafu, akajitahidi kukumbuka kila kikapu kilikuwa wapi. Jumamosi alishuka hadi dukani na kununua kile kioo cha duara chenye kamba ya katani ambacho Placidia alikuwa akikionyesha kwenye simu tangu mwaka jana, na ambacho fundi alishindwa kukiiga mara mbili.

Alikileta saa kumi, mvua ikianza. Alisukuma mlango kwa bega, kioo mikononi, tabasamu tayari.

Mapazia yalikuwa yamekunjwa. Kochi lilikuwa ukutani. Chini palikuwa na majani mabichi, na Placidia alikuwa amechuchumaa anayalaza upande mmoja, bila haraka, kwa mkono uliozoea. Alipomaliza aliinuka, akalishusha ua kutoka kigodani kwa mkono mmoja, akaliweka pembeni, akaketi. Akaweka mikono juu ya magoti. Akakitazama kile kioo, kisha akamtazama mumewe, kwa kero ya mtu ambaye mgeni amemletea takataka ndani.

"Placidia?" alinong'ona Mwesiga. "Mke wangu, ni kile ulichokuwa unakitaka."

Evelyn alitoka nyuma ya mlango wa jikoni, akamvuta baba yake shati.

"Toka kwanza, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Toka upige hodi. Hapendi."

Mwesiga alirudi nyuma na kioo chake hadi nje, mvua ikimpiga kichwani. Akasimama mbele ya nyumba aliyoijenga kwa miaka sita, akapiga hodi. Ndani, mtu alikohoa mara moja, kisha mkewe akajibu.

"Karibu, mgeni."